Mgeni katika Mji wa Mombasa

Mtu atokaye Iftin, Garissa, akifuata barabara ya Garsen na Malindi, huingia Mombasa kwa Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Kwanza na afahamu umbo la mji: ni kisiwa. Upande wa mashariki iko bandari ya kale ya majahazi; upande wa magharibi ni Kilindini, zitiapo nanga meli kubwa. Mwenye kukumbuka hayo hapotei upesi.

Na aanze asubuhi, jua halijawa kali, katika Mji wa Kale. Milango ile ya nakshi ni ya nyumba za watu. Asichungulie ndani, wala asipige picha bila ruhusa. Kisha aitazame Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hata 1698. Kuta zilisimama imara, lakini maradhi na njaa viliwamaliza wengi waliokuwamo. Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza. Mwaka 1960 ikawa makumbusho.

Akipotea, na amwulize mwenye duka, asimfuate kila ajitoleaye kumwongoza. Kuuliza si ujinga.