Pumba, Tofali na Zege: Mhandisi Anajibu

Hapa Ubaruku, Mbarali, pumba za mpunga ni milima, na wachoma tofali wanatuachia majivu bure. Nikiyachanganya kwenye zege, nitapunguza saruji?

Utapunguza, ila si kwa majivu yoyote. Majivu ya pumba ni silika kwa zaidi ya asilimia 80. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa, na silika hiyo huidaka chokaa na kuigeuza gundi ya pili. Lakini pumba ziwe zimeungua kwa nyuzi 500 hadi 700 hivi za Selsiasi, na majivu yasagwe laini kama saruji yenyewe. Tanuru la tofali halipimwi joto. Katikati moto hupita kiasi, silika ikageuka fuwele na kukaa ndani ya zege kama mchanga tu. Pembeni pumba haziishi kuungua, majivu yakabaki meusi na kunywa maji ya mchanganyiko. Meusi yaache. Meupe sana nayo yasikudanganye, huenda moto uliyapita.

Niweke kiasi gani?

Anza na asilimia 10: kwenye mfuko wa kilo 50, toa saruji kilo 5, weka majivu kilo 5. Kabla ya hapo soma mfuko. Ukiona CEM IV, au CEM II yenye herufi P, kiwandani wameshatia pozolana, yaani majivu ya volkano, ambayo nyanda zetu zinayo tele. Ukiongeza ya kwako unapunguza mara mbili, na hapo ndipo watu wanapoharibikiwa. Pia zege la majivu huchelewa kukomaa, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai. Limwagilie wiki mbili, na mbao za fomu usiwe na haraka nazo.

Vumbi la mbao la Mafinga je?

Hapana. Sukari iliyomo kwenye mti huizuia saruji kushika.

Niko Iringa, site imejaa vipande vya tofali za kuchoma. Vinafaa badala ya kokoto?

Vinafaa, na kwa mjenzi wa kawaida ningeanzia hapa kabla ya majivu. Chagua tofali zilizoiva, zinazolia ukizigonganisha. Zinazomeguka kwa mkono tupa. Ziponde kwa ukubwa wa kokoto, uzilowanishe vizuri kabla ya kuchanganya, la sivyo zitafyonza maji ya saruji. Tumia kwenye zege la chini ya sakafu na njia za kupita kwa miguu. Nguzo, mkanda na slabu yenye nondo, nunua kokoto.

Fundi wangu anasema anajua zege zuri kwa macho.

Macho hayaoni nguvu. Mwaga vipande vya majaribio vya milimita 150 kila upande, vipeleke maabara ya vifaa vya ujenzi vikapondwe siku ya 7 na ya 28. Walioko Mbeya waulize Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kinachofundisha uhandisi ujenzi. Kabla majibu ya siku ya 28 hayajarudi, usimwage zege la majivu kwenye kitu chochote kitakachobeba nyumba.