Taa ya Injini Ikiwaka, Ipimwe Kwanza

Barabara ya kutoka Kamembe kwenda Huye hukatiza msitu wa Nyungwe, penye miinuko, kona na ukungu. Gari likizimika konani usiku, huwahatarisha waliomo na wanaolifuata. Ndiyo maana tunawasihi msiizibe kwa utepe taa ya injini.

Taa hiyo huwaka kompyuta ya gari inapopokea taarifa isiyoaminika, aghalabu kutoka kwa kihisi, ambacho mafundi hukiita sensa. Mashine ya kusomea hitilafu hutoa namba, nayo namba hiyo hutaja sakiti yenye kasoro, haikihukumu kifaa. Chukueni P0118: volti zimezidi katika sakiti ya joto la maji ya injini. Wengi hukimbilia kununua sensa, tena kuukuu, kumbe waya umekatika au plagi imeingia kutu.

Fundi mwangalifu huanza na plagi na waya. Kisha huchomoa plagi, hufungua swichi bila kuwasha injini, na kupima nyaya zitokazo kwenye kompyuta. Kwa kawaida zina volti 5 hivi. Zikikosekana, sensa haina kosa. Zikiwapo, huzima swichi na kuipima sensa yenyewe kwa omu. Nyingi huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi omu 300 hivi kwenye nyuzi 80. Isiyobadilika injini ipatapo joto ndiyo ya kubadilishwa.

Namba isifutwe kabla ya marekebisho, maana taa itawaka tena, pengine mkiwa tayari msituni.