Kamera Haibadilishi Maji

Leo nina swali la binti aliyehamishiwa kikazi Dodoma, tangi lake la samaki likabaki Tabata, Dar, sebuleni kwa mama yake. Anataka kufunga kamera ili awaangalie samaki akiwa ofisini, na ameniuliza anunue ipi. Mama yake anamwambia hizo ni pesa za kuchezea.

Mdogo wangu, usione aibu. Kuchungulia samaki kwa mbali kulianza zamani kuliko mnavyodhani. Mwaka 1994, intaneti ikiwa bado changa, mhandisi wa Netscape aitwaye Lou Montulli alielekeza kamera kwenye tangi la samaki la ofisini kwao, na watu walioko mbali wakawa wanafungua kompyuta kuangalia samaki wasio wao. Huyo huyo ndiye aliyebuni zile kuki ambazo kila tovuti siku hizi inakuomba uzikubali. Kwa hiyo una wakubwa zako katika mambo haya.

Suala la kamera ipi tutalifikia. Mimi nataka kujua kwanza: siku samaki wakianza kutweta juu ya maji saa nane mchana, nawe uko kikaoni Dodoma, nani atanyanyuka kwenye kiti kule Tabata? Bila mtu huyo, kamera itakuonyesha msiba wako vizuri sana, tena kwa rangi, na hutakuwa na la kufanya zaidi ya kupandisha presha. Kwako wewe mtu huyo ni mama. Na hapo ndipo nadhani hujamsikia vizuri.

Hiyo sebule ni yake. Hapo ndipo anapokaa na khanga yake akipunga upepo, ndipo wanapokuja wenzake wa kikoba, na ndipo anapomsema baba yako akiwa hayupo. Kamera nyingi za bei nafuu zina maikrofoni ndani. Mama akisema "pesa za kuchezea", inawezekana kabisa anakwambia kwa adabu kwamba hataki kuchungwa na mwanawe. Umemwomba ruhusa, au umempa taarifa? Keti naye. Mwambie kamera itatazama kioo cha tangi tu, kochi halitaonekana. Zima sauti kwenye programu yeye akiona, kisha mpe simu aangalie mwenyewe unachokiona wewe. Kama kuna dada wa kazi, naye aambiwe mapema, asije akagundua siku ya ugomvi. Mama akikataa, amekataa. Mwombe akupigie simu ya video jioni anapowalisha. Utawaona samaki, na mama pia utamwona.

Haya, tuseme amekubali. Kamera yoyote ya ndani yenye picha ya 1080p inatosha, usidanganywe na muuzaji wa Kariakoo kwamba samaki wanahitaji kamera ya pekee. Nyingi hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo hakikisha ruta yenu inaitoa. Iweke karibu kabisa na kioo, la sivyo utakuwa unatazama kivuli cha dirisha la upande wa pili kutwa nzima. Usiku kamera huwasha taa za infraredi zisizoonekana kwa macho. Mwanga wake hugonga kioo na kurudi kwenye lenzi, ukapata wingu jeupe. Zizime kwenye mipangilio. Zima na tahadhari ya mwendo pia, maana samaki hawatulii na simu yako italia mpaka wenzako ofisini wakuchukie.

Kuhusu bando, piga hesabu kabla. Picha inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Ukiiacha ipande mtandaoni usiku na mchana, ni zaidi ya GB 10 kwa siku. Weka memori kadi irekodi humo humo ndani ya kamera, wewe chungulia dakika chache asubuhi na jioni. Kuchungulia kila nusu saa hakumsaidii samaki yeyote.

Chungulia wakati wa chakula. Samaki mzima huja mbio. Anayebaki nyuma ya jiwe wenzake wakila, huyo mfuatilie. Tazama kama wanajikuna kwenye changarawe, kama wamebana mapezi, kama wote wamejazana pale povu la hewa linapotokea. Kamera haioni amonia wala pH, na maji yenye sumu yanaweza kung'aa kama ya chupa. Kwa hiyo nunua kipimajoto chenye tarakimu kubwa, kibandike mahali ambapo kamera inakisoma. Samaki wengi wa joto wanapenda nyuzi 24 hadi 27. Dar kwa kawaida hamhitaji hita, ila wenzetu wa Mbeya, Arusha na Nairobi wanaitumia, na hita ina ugonjwa wa kukwama ikiwa imewaka, ikawachemsha samaki taratibu. Tarakimu zikipanda utajua mapema. Bandika pia utepe wa rangi kwenye kioo usawa wa maji, uone yanavyopungua.

Mama naye afundishwe, tena kwa vitendo. Samaki wakimfuata kwenye kioo atadhani wana njaa, na huruma hiyo imeua samaki wengi: chakula kisicholiwa huoza na kuwa amonia. Gawa chakula chao kwenye kile kiboksi cha vidonge chenye vijumba vya siku saba. Kijumba kimoja, siku moja, basi. Samaki mkubwa mwenye afya akikosa siku mbili tatu hafi.

Umeme ndio mtihani wenyewe. Ukikatika, pampu inazima na kamera inazima, na wewe Dodoma hujui kama ni umeme, bando la nyumbani limeisha au ruta imegoma. Betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta na kamera inamaliza utata huo: picha ikiendelea huku povu limekoma, ujue ni umeme. Kama ni Luku imeisha, utanunua kwa simu, lakini zile tarakimu 20 mtu aziingize kwenye mita. Umeme ukichelewa kurudi, mama achote maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, arudie mara kwa mara, maana hewa ndiyo inayowahi kuisha. Asiwalishe mpaka pampu iwake. Ukiweza, nunua pampu ya hewa ya betri. Mimi ningeinunua hiyo kabla ya kamera.

Waya zote ziachwe zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni.

Na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ambayo wenyewe hawakuwahi kuyabadilisha. Mwaka uliofuata, kampuni ya usalama wa mitandao Darktrace ilieleza jinsi wadukuzi walivyoingia kwenye mtandao wa kasino moja ya Amerika Kaskazini kupitia tangi la samaki lililounganishwa na intaneti. Kamera yako imo ndani ya nyumba ya mama yako. Weka neno la siri refu, na uthibitisho wa hatua mbili kama programu inao.

Ifunge Ijumaa ukifika Dar, uijaribu wikiendi nzima, uzime umeme makusudi uone mama anavyofanya, kisha ndiyo upande treni Jumapili. Wenye matangi ya maji ya chumvi niandikieni, hayo yana mambo yake na nitayajibu peke yake.