Pengo la Miaka Mitano

Baina ya mamangu na kakake pana miaka mitano. Nilikuwa nimeichora nasaba yetu mara tatu kabla ya kuliona pengo hilo, ilhali ndugu wengine wote wamefuatana kwa miaka miwili, miwili na nusu, kama ilivyokuwa kwa mama aliyenyonyesha kisha akabeba tena. Jioni moja tulikuwa Mama Ngina, hapa Kizingo, Mombasa, tunapunga upepo chini ya mibuyu. Nikamuuliza nyanya. Akasema, "Alikuwapo mwana. Alichukuliwa na nyuni." Halafu akaomba maji.

Basi anza hapo, penye mapengo. Wapange ndugu kwa miaka yao, na kila penye nafasi inayozidi miaka mitatu weka alama ya kuuliza. Safari ya baba, talaka au ugonjwa wa mama pia huacha nafasi, kwa hiyo alama hiyo ni swali tu.

Usiulize "nani alikufa?" Kwa mama, hilo ni kofi. Uliza amezaa wangapi, kisha walio hai ni wangapi. Maswali hayo mawili yana historia hapa kwetu: William Brass, Mskoti aliyeanza kazi mwaka 1948 katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, ndiye aliyejenga juu yake njia ya kukadiria vifo vya watoto pasipo na rejista. Hesabu mbili zikitofautiana, nyamaza. Akitaka kusema atasema. Kisha fuata uzazi mmoja mmoja: baada ya huyu alifuata nani? Mtoto aliyekufa kabla ya siku ya saba, hajanyolewa wala hajafanyiwa akika, pengine hakuhesabiwa kabisa.

Kosa kubwa ninaloliona ni kutafsiri ugonjwa papo hapo. Nyanya akisema nyuni, andika nyuni, usiandike malaria. Nyuni ni degedege, na degedege ni dalili: malaria huileta, homa ya uti wa mgongo huileta, na homa kali yoyote kwa mtoto mdogo yaweza kuileta. Tafsiri yako iwe mstari wa pili, yenye neno "huenda". Zongo na jicho, majina mengine ya maradhi ya watoto, vivyo hivyo. Usibishane nayo, uliza mtoto alionekanaje. Alikuwa na umri gani? Aliugua siku ngapi? Watoto wa jirani nao waliugua? Majibu ndiyo yanayotenganisha maradhi. Mchanga aliyenyonya vizuri siku za mwanzo, kisha wiki ya kwanza au ya pili akashindwa kunyonya, taya limekaza na mwili umekuwa kama ubao, ana dalili za pepopunda, iliyoingilia kitovuni. Vipele vilivyokuja na kikohozi na macho mekundu, mtaa mzima, vinaelekea surua. Ndui iliwaachia waliopona makovu usoni, kwa hiyo uliza habari za nyuso za ndugu zake. Kikohozi cha wiki nyingi kinachoishia kutapika huenda ni cha kifaduro.

Tarehe nayo ina ufundi wake. Wazee wetu wa mjini huhesabu kwa mifungo, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko wa jua, kwa hiyo kila mwezi huzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Ukipata mwezi wa Kiislamu pamoja na msimu, miaka inayowezekana hubaki michache. Nyanya alikumbuka Mfungo Mosi, yaani Shawwal, mikate ya Idi ingaliko, na masika hayanyamazi. Mfungo Mosi ulianguka Mei mwaka 1957; miaka jirani yake nayo haikuwa mbali na mvua. Alikumbuka pia wafungwa walikuwa bado Ngomeni, na Ngome ya Yesu iliacha kuwa jela mwaka 1958. Kumbuka vilevile kuwa usiku wa Ijumaa wa nyanya ni usiku wako wa Alhamisi.

Rejista za serikali zije baadaye. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilianza 1904 na wageni, ikaandikwa upya 1928, na haikuwabana Wakenya wote hadi 1971. Kwa kifo cha baada ya hapo, tazama fomu: D1 hujazwa hospitalini, D2 ni ya aliyefia nyumbani na hupitia kwa naibu chifu. "Homa" iliyoandikwa kwenye D2 ilitoka mdomoni mwa jamaa, kwa hiyo haina uzito zaidi ya "nyuni" ya nyanya.

Kwa vifo vya zamani zaidi, aliyeandikwa ni mwenye mwandishi. Rosine, mkewe mmisionari Johann Ludwig Krapf, alifariki kwa homa Julai 1844 baada ya kujifungua, na kitoto chake cha kike kikamfuata. Tunajua kwa kuwa mumewe aliandika. Watoto wa mjini waliozikwa mwezi ule hawana barua.

Lakini wana mirathi, na hapa ndipo watafiti wengi hupapita. Mtoto aliyeishi baada ya babake, hata kwa saa moja, ni mrithi, na fungu lake huwaendea warithi wake mwenyewe. Kwa hiyo kadhi aliyegawa nyumba au shamba hana budi kumtaja. Pekua hati za mirathi zilizomo kashani, pamoja na kurasa za mwisho za msahafu na vitabu vya maulidi, ambako majina yaliandikwa kwa khati za Kiarabu.

Kwenye nasaba yetu pengo sasa limejazwa hivi: mwana wa kiume, miezi minane, Mfungo Mosi, karibu na 1957, si baada ya 1958. Ugonjwa: nyuni. Mstari wa pili: huenda malaria. Mahali pa jina ni peupe. Nyanya amesema atanambia siku nyingine.