Likizo ya Mwaka na Likizo ya Uzazi ni Mbili, si Moja

Katika somo la leo tutazungumza juu ya haki ya mama aliyeajiriwa. Akina baba nao wasome, maana mimba si ya mama peke yake, na hesabu za nyumbani hufanywa na wawili.

Katika mashamba ya chai, viwanda vya pamba, shule na maduka, mama mjamzito huuliza hivi: "Likizo yangu ya mwaka sijaichukua. Je, naweza kuichukua kwanza, halafu ndiyo niingie likizo ya uzazi?"

Jibu letu ni: ndiyo, inawezekana, ila ukubaliane na mwajiri wako, na makubaliano hayo yawe kwenye karatasi. Mama asiyeandika huja kuambiwa baadaye, "Wewe likizo yako ya mwaka imekwisha, iliingia humo humo kwenye ya uzazi." Hapo anakuwa amepoteza siku 28 za mapumziko yenye mshahara. Tujifunze basi namna ya kuzilinda siku hizo.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inataja likizo hizi mbili kila moja peke yake.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, zenye malipo, kwa kila miezi 12 ya kazi. Jumapili na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa. Mwajiri ndiye anayepanga uende lini. Lakini hawezi kukuweka bila mwisho: ni lazima uipate kabla ya kupita miezi 6 tangu mwaka wako wa kazi uishe. Muda huo unaweza kufika miezi 12 ikiwa wewe mwenyewe umekubali na kazi kweli inadai hivyo.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo. Ukijifungua mapacha ni siku 100. Unaweza kuianza wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya matazamio, yaani tarehe mnayotazamia mtoto azaliwe. Daktari akiandika kwamba afya yako au ya mtoto inadai, unaianza mapema zaidi. Tena, baada ya kujifungua, haruhusiwi mtu kukurudisha kazini kabla ya wiki 6 kupita, isipokuwa daktari athibitishe kwamba unaweza.

Sasa shika sana jambo hili. Sheria inamkataza mwajiri kukupa likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine unayostahili. Maana yake, siku za mwaka haziwezi kuitwa siku za uzazi. Zinaweza kufuatana kama mabehewa ya treni, moja mbele na jingine nyuma, lakini behewa moja haliingii ndani ya jingine.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu na karatasi. Tuseme mama mmoja mchuma chai anatazamia kujifungua tarehe 30 Septemba. Likizo yake ya mwaka hajaichukua. Anataka kupumzika wiki 4 kabla ya kujifungua, kwa sababu kupanda na kushuka mlima na kikapu mgongoni kumemchosha.

Njia ya kwanza: Anaanza likizo ya uzazi tarehe 2 Septemba. Siku 84 zinaisha tarehe 24 Novemba. Tarehe 25 Novemba yuko kazini. Mtoto akizaliwa siku ile ile iliyotazamiwa, atakuwa na wiki 8 tu.

Njia ya pili: Tarehe 2 Septemba anaanza likizo ya mwaka. Siku 28 zinaisha tarehe 29 Septemba. Tarehe 30 Septemba likizo ya uzazi inaanza, nayo inaisha tarehe 22 Desemba. Anarudi kazini tarehe 23 Desemba. Mtoto ana wiki 12.

Umeona tofauti? Amepumzika mwezi ule ule wa Septemba, lakini amepata wiki 4 zaidi za kukaa na mtoto. Jumla yake ni siku 28 na siku 84, yaani siku 112. Wiki 4 kwa mtoto mchanga si jambo dogo. Wataalamu wa afya hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala uji. Wiki 12 hazijafika hapo, lakini ni afadhali kuliko wiki 8. Na ukisharudi kazini, sheria inakupa nafasi ya kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku katika muda wa kazi. Usione haya kuidai.

MTOTO HAJUI KALENDA YA OFISI

Wengine watasema, "Je, mtoto akija mapema?" Swali zuri. Tuseme mama yule kajifungua tarehe 20 Septemba, yumo ndani ya likizo ya mwaka. Siku 18 amekwisha kuzitumia, zimebaki 10.

Kuanzia siku aliyojifungua, yeye ni mzazi, kwa hiyo likizo ya uzazi inaanza tarehe 20 Septemba na kuisha tarehe 12 Desemba. Zile siku 10 za mwaka zimebaki ni zake. Mwajiri akikubali ziungwe mwishoni, atarudi tarehe 23 Desemba, kama alivyopanga mwanzo. Asipokubali, zitapangwa siku nyingine, lakini zisifutwe. Kwa hiyo mume au ndugu apeleke taarifa ofisini mara moja, na taarifa hiyo iandikwe. Mtu akikaa kimya, karani ataendelea kuhesabu siku za mwaka hadi ziishe zote.

Na mtoto akichelewa? Tuseme kazaliwa tarehe 7 Oktoba. Likizo ya uzazi ilikwisha anza tarehe 30 Septemba, kwa hiyo siku 7 zimetumika kumngojea. Zimebaki siku 77. Hiyo haina njia. Ni bahati ya mtu.

Mtoto akizaliwa njiti, uliza ofisini juu ya muda wa nyongeza, maana sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025 kwa ajili ya wazazi wa watoto hao.

MBELE AU NYUMA?

Wapo akina mama wanaopenda kuiweka likizo ya mwaka nyuma, baada ya ile ya uzazi. Hiyo nayo ni njia halali, na siku ni zile zile 112. Kila mtu atazame hali yake. Anayefanya kazi ya kukaa, mwenye nguvu bado, anaweza kufanya kazi hadi karibu na siku yake na kuziweka siku 28 mwishoni. Anayesimama kutwa au kubeba mizigo, au anayekaa mbali na hospitali na anataka kwenda kukaa kwa mama yake mapema, ataona heri kuziweka mbele.

Lakini tunatoa onyo. Isiwe mnyapara amekuona umechoka akakuambia, "Nenda ukamalize likizo yako ya mwaka." Kazi ya hatari kwa mjamzito au mama anayenyonyesha imekatazwa na sheria, na mwajiri anapaswa kukutafutia kazi nyingine inayofaa kama inawezekana. Kazi ya usiku nayo imekatazwa katika miezi 2 kabla ya kujifungua. Na ukiugua, iko likizo ya ugonjwa. Usilipie kwa siku zako za mwaka kitu ambacho ni wajibu wa mwajiri.

Jambo jingine: likizo ya uzazi yenye malipo huhesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 36, na mwajiri analazimika kuilipia mara 4 tu kwa mfanyakazi mmoja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama anapata siku 84 nyingine ndani ya kipindi hicho hicho. Kwa hiyo kupanga uzazi na kupanga likizo ni mambo yanayokwenda pamoja.

BARUA IANDIKWE LINI, NA VIPI?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na siku za likizo ni mali. Kwanza tazama daftari lako: ulianza kazi tarehe ngapi? Mwaka huu umekwisha chukua siku ngapi? Kama ulichukua 14 wakati wa msiba, zimebaki 14, wala huwezi kudai 28. Ujue pia kwamba mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kazini kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo. Vibarua wa msimu wana kanuni yao. Waulize, wasijitoe wenyewe.

Kisha, mpe mwajiri taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matazamio, pamoja na cheti cha daktari. Kwa yule mchuma chai wetu, mwisho ni tarehe 30 Juni. Barua hiyo hiyo itumie kuombea likizo ya mwaka. Mfano huu hapa:

Shamba la ..................
Tarehe 15 Juni ............

Meneja,
..........................

Ndugu,

KUH: LIKIZO YA MWAKA NA LIKIZO YA UZAZI

Mimi ............................, namba ya kazi ........., ni mjamzito. Natazamia kujifungua tarehe 30 Septemba. Cheti cha daktari nimekiambatanisha.

Naomba kuchukua likizo yangu ya mwaka, siku 28, kuanzia tarehe 2 Septemba hadi tarehe 29 Septemba. Likizo ya uzazi, siku 84, itaanza tarehe 30 Septemba.

Nikijifungua kabla ya tarehe hiyo, naomba likizo ya uzazi ihesabiwe tangu siku ya kujifungua, na siku za mwaka zitakazobaki zitunzwe.

Naomba jibu kwa maandishi.

Wako mtiifu,
(Sahihi) ..................

Andika nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na nyingine igongwe muhuri au itiwe sahihi ya aliyeipokea, uitunze nyumbani pamoja na kadi ya kliniki. Angalia maneno yalivyopangwa: likizo ya mwaka unaiomba, ile ya uzazi unaitolea taarifa, kwa kuwa hiyo ni haki yako hata kama meneja amenuna.

WAKIKATAA JE?

Mwajiri anaweza kusema, "Septemba chai ni nyingi, likizo ya mwaka utachukua baadaye." Hilo anaweza, mradi asipitishe muda wa sheria. Basi jadilianeni kwa heshima: pengine atakubali siku 14 mbele na 14 nyuma. Lakini siku 84 za uzazi hawezi kuzipunguza, wala kukuambia zile 28 zimo humo.

Akifanya hivyo, anza na chama cha wafanyakazi kama kipo. Kisha nenda kwa Afisa Kazi. Mkishindwana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usichelewe, maana Tume hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60. Tena jua kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba si halali. Hata kumkatalia mama asirudi kazini baada ya likizo ya uzazi, sheria inahesabu kuwa ni kumwachisha kazi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tarehe ya matazamio: siku mnayotazamia mtoto azaliwe.
Mfululizo: bila kukatika.
Nakala: karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza.
Kuambatanisha: kutuma karatasi moja pamoja na nyingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini barua ipelekwe mapema, na kwa nini mwenye barua abaki na nakala?
2. Mama anatazamia kujifungua tarehe 31 Mei. Anataka likizo ya mwaka ya siku 28 iishe tarehe 30 Mei. Aianze tarehe ngapi? Na taarifa ya likizo ya uzazi aitoe kabla ya mwezi gani kuisha?
3. Katika kijiji chenu, nani anaweza kumsaidia mama asiyejua kuandika barua kama hii?

Majibu ya swali la 2: aianze tarehe 3 Mei. Taarifa aitoe kabla ya mwezi Februari kuisha.

Ndugu msomaji, ukimaliza somo hili usilifungie maandazi. Mpelekee jirani yako anayefanya kazi ya mshahara, msome pamoja, mhesabu siku zake kwenye kalenda, na mwandike barua yake leo.