Usingoje Damu, Mwanangu

*Mimi ni tabibu katika zahanati mkoani Kagera. Mwezi uliopita alikuja kijana ana homa kali na macho mekundu. Hakuwa akivuja damu, kipimo kikaonyesha malaria, nikampa dawa. Alipona, ila hofu haijaniisha. Mgonjwa wa Marburg nitamtambuaje? – N.K.*

Mwanangu N.K., kijana amepona, basi mshukuru Mungu na usijihukumu. Hofu yako ina sababu: mkoa wako ulipigwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mwaka 2023, kisha 2025 kule Biharamulo. Mwaka 2023 mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki.

Ugumu ulipo

Mwanzoni Marburg hufanana na malaria: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, mwili kuishiwa nguvu. Kuhara na kutapika hufuata kama siku ya tatu. Damu, ikitoka, mara nyingi huonekana kati ya siku ya tano na ya saba, na wengine haiwatoki kabisa. Malaria nayo haiondoi uwezekano wa Marburg. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Cha kutazama

Tanguliza macho, mikono ifuate. Simama mbali kidogo umtazame: uso umenywea, macho yamedidimia na kuwa mekundu, mgonjwa amezubaa. Tafuta vipele visivyowasha, ambavyo kwenye ngozi nyeusi hujificha. Angalia ufizi, pua, na mahali alipochomwa sindano kama panaendelea kuvuja.

Dalili moja haitoshi kuhukumu, na maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa hiyo, pamoja na kumtazama, muulize: katika siku 21 zilizopita aliingia pangoni au mgodini kwenye popo? Alimuuguza mtu, au aliosha maiti?

Njia zilizo mbele yako

Ukimpima mikono mitupu, waweza kuupeleka ugonjwa kwa mgonjwa anayefuata na kwa wanao nyumbani. Ujasiri usio na glavu huacha yatima.

Ukimfukuza, atapanda bodaboda arudi kwa ndugu zake, nao watamuuguza bila kinga. Na kijiji kikisikia, wagonjwa watajificha.

Iliyobaki ndiyo njia yako. Mtenge kwenye chumba chake. Vaa glavu, barakoa, kinga ya macho na gauni. Ahudumiwe na watu wachache, na sindano isiyo ya lazima iache. Mpe maji ya chumvichumvi anywe, mweleze kwa upole kwa nini umemtenga, kisha mpigie mganga mkuu wa wilaya au piga 199.

Neno langu

Sasa nakwambia bila kuzunguka: usimguse mgonjwa unayemshuku kabla hujavaa kinga, hata akiwa mjomba wako. Wiki hii kaa na manesi wako mchague chumba cha kutengea na mhesabu glavu. Zikiwa chache, andika barua wilayani leo. Ukiugua wewe, zahanati itafungwa, na mama mwenye uchungu wa uzazi atakuta mlango una kufuli.