Taa ya nje ya ghala: mulika mlango, usimulike shamba

Vijana wenzangu wa Namswea na Mbinga yote, mtu akijenga ghala la kahawa huniuliza: "Afisa, nje niweke taa ya wati ngapi?" Namwelewa, wezi wapo. Ila kabla ya wati, jiulize taa itamulika wapi.

Wenzetu wa ziwani wanalijua hili. Mvuvi wa usipa kule Mbamba Bay anawasha taa usiku wa giza, samaki wanakuja wenyewe. Taa inaita. Ukifunga taa kubwa nyeupe juu ya paa, na wewe unaita: nondo wanaoruka usiku, wakiwemo wanaotaga mayai ya viwavijeshi, wanakusanyika jirani na mahindi yako.

Soya nayo inategemea urefu wa usiku ili itoe maua. Mistari inayomulikwa usiku kucha inachelewa. Shamba zima limekauka, pale kwenye taa bado kijani. Ukivuna pamoja, unaingiza mbichi ghalani, na mbichi inaleta ukungu.

Na mlinzi je? Taa ikimpiga usoni, haoni kilichopo gizani. Mwizi anamwona yeye, yeye hamwoni mwizi.

Kwa hiyo, kabla fundi hajavuta waya:

1. Taa ikae chini ya upenu, mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini, itazame chini. Kama balbu iko wazi, ivishe kofia ya bati.

2. Kwenye boksi tafuta namba yenye herufi K. Chukua 3000K au chini ya hapo, mwanga wa manjano. Ile ya 6500K ni nyeupe ya kuelekea bluu, inavuta wadudu zaidi.

3. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unapimwa kwa lumeni. Mlango mmoja, lumeni 500 zinatosha, yaani LED ya wati 6 hivi.

4. Chukua yenye sensa, inayojiwasha mtu akipita. Betri ya sola inafika asubuhi, na taa ikiwaka ghafla mlinzi anashtuka.

Ukimaliza, usiku simama shambani, hatua 30 toka ghalani. Ukiiona balbu yenyewe, bado, iinamishe. Ukiona mlango tu ndio umeangaza, hapo umepatia.

Kazi njema, tukutane shambani.